Mbona Vayoleti Imelegea?

Bila shaka umewahi kuiona vayoleti, ule mmea mfupi wenye majani ya manyoya na maua ya zambarau, ukiuzwa kando ya barabara hapa Nairobi. Wengi hudhani ni mmea wa Wazungu. La hasha! Ni wetu kabisa. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani huko Tanga, aliupeleka kwao kutoka Usambara, na mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akauita Saintpaulia. Hata Kenya upo, katika msitu wa Mbololo kule Taita. Porini huota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu, penye udongo kiduchu tu.

Sasa, umenunua yako, umeiweka chumbani, na baada ya wiki moja majani yamelala. Usikimbilie kikombe cha maji! Tia kidole udongoni kwanza. Ukiwa mkavu, hiyo ni kiu tu. Lakini ukiwa chepechepe ilhali majani yamelegea, basi shuku mizizi: iliyooza haiwezi kunywa hata ukiizamisha mtoni. Itoe koponi uitazame. Mzizi mzima ni mweupe na imara. Uliooza ni wa kahawia, teketeke, tena unanuka.

Dalili nyingine ni rahisi. Vikonyo vikirefuka, mmea unatafuta mwanga. Majani yakipauka, jua limezidi. Madoa meupe kama pete huletwa na maji baridi yaliyomwagikia majani, hasa asubuhi za Julai. Na maua yakipukutika yangali mabichi, tazama jiko! Sisi wa Shauri Moyo, wengine tunapika na kulala chumba kimoja, na moshi wa jiko una gesi inayoangusha maua.

Mamangu alinunua moja mwaka huu kwa shilingi 400, akinuia kuzalisha miche aiuze karibu na soko la Burma. Mia nne kwetu si mchezo. Siku ya kumi ikalegea, udongo ukiwa tope. Tulipoitoa tukaona muuzaji alikuwa ameshindilia udongo mweusi wa mfinyanzi, na kopo halikuwa na tundu hata moja. Mizizi yote ilikuwa imekwisha.

"Mama, tukate majani," nikamwambia.

"Ati tukate? Si ndiyo tutakuwa tumeimaliza?"

Nilimweleza kwamba jani moja zima, likiachiwa kikonyo cha kama sentimita tatu na kuchomekwa kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, huota mizizi kwa mwezi hivi, kisha miche midogo hutokea chini yake baadaye. Akanitazama kitambo, akanipa kisu. Tulipata majani matano mazima, tukayafunika kwa karatasi ya nailoni, mbali na jiko.

Mawili yalioza. Matatu yametoa miche, mmoja una majani manne kama masikio ya panya. Mama amekusanya makopo ya siagi, na kila moja ameshalitoboa kwa msumari.