Utangulizi: Lita, Barabara na Neno la Dereva

Waulize madereva wawili wa Probox walioegesha Malindi gari lao linakwenda kilomita ngapi kwa lita moja. Mmoja atasema kumi na saba, mwingine atasema kumi na mbili, na kabla hujaondoka watakuwa wameshaitana waongo. Nimeusikiliza ubishi huu kwa miaka mingi, Malindi, Watamu, Kilifi na Mtwapa, na kadiri ninavyousikiliza ndivyo ninavyoamini kwamba mara nyingi wote wawili wanasema kweli. Kila mmoja ameipima kazi yake. Huyu hutoka Malindi alfajiri akaenda moja kwa moja hadi Mombasa na abiria wanne. Yule hushinda akipakia na kushusha kati ya Kilifi na Ganze, magunia juu, watu ndani. Magari yao ni ya jina moja, lakini yamefanya safari zisizofanana hata kidogo.

Kitabu hiki ni mlango wa elimu inayoanzia kwenye ubishi huo: elimu ya matumizi halisi ya mafuta, yaani mafuta yanayotumika barabarani, mikononi mwa watu, si yale yaliyoandikwa kwenye karatasi ya kiwanda. Inachukua kidogo kutoka fizikia, kidogo kutoka jiografia, kidogo kutoka uchumi, na sehemu kubwa inatokana na kuwasikiliza wanaoendesha. Msomaji hahitaji kuwa mhandisi. Anayemiliki tuktuk moja Malindi, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani, fundi wa gereji, mama anayehesabu nauli ya kupeleka maembe sokoni, wote nawakaribisha, na kila mmoja atakuta ana jambo analolijua kuliko mimi.

Tuanze na namba ya kiwandani, maana ndiyo inayowachanganya wengi. Magari madogo mengi yanayopita barabara zetu yalianza maisha Japani, yakashushwa bandarini Mombasa kabla ya kutimiza miaka minane, kwa kuwa kanuni za Kenya haziruhusu kuingiza gari lililozidi umri huo. Huko Japani yalipimwa chumbani, magurudumu yakizunguka juu ya rola, dereva akifuata ratiba ya mwendo iliyopangwa. Kwa miaka mingi kipimo chao kiliitwa 10-15. Kilichukua dakika kumi na moja, kilomita nne na kidogo, na mwendo haukuzidi kilomita 70 kwa saa. Kikaja kingine, JC08, cha dakika ishirini na kilomita nane, chenye mwendo wa juu wa kilomita 82 hivi na wastani wa 24 tu. Toyota Aqua ilipotolewa mwishoni mwa 2011 ilitangazwa kwenda kilomita 40 kwa lita kwa kipimo cha kwanza, na 35.4 kwa kipimo cha pili. Gari ni lile lile, injini ni ile ile. Kilichobadilika ni ratiba. Anayelinunua leo akitaraji arobaini, naye ana kiyoyozi kinachovuma mchana kutwa kwenye joto la Machi, lazima ahisi amedhulumiwa.

Udanganyifu wa kweli nao upo. Aprili 2016 kampuni ya Mitsubishi Motors ilikiri kwamba takwimu za upimaji wa magari madogo yapatayo 625,000 zilikuwa zimepotoshwa ili yaonekane yanatumia mafuta kidogo. Lakini ningependa msomaji asishike njia hiyo kama maelezo ya kila tofauti anayoiona. Sehemu kubwa ya pengo kati ya kiwanda na barabara haina mwizi. Ina matuta, joto, mzigo, mguu wa dereva na upepo, na ndiyo yanayoifanya elimu hii iwe tamu.

Nichukue matuta kwanza. Barabara ya Mombasa hadi Malindi ina urefu wa kilomita 120 hivi, na karibu kila kituo chenye soko au shule kina matuta yake. Gari la kilo 1,200 linalokwenda kilomita 80 kwa saa limebeba nguvu ya mwendo. Likifunga breki hadi 20, karibu nguvu hiyo yote inageuka joto kwenye breki na kupotea hewani. Kuirudisha, injini inahitaji takriban mililita 35 za petroli, zaidi ya nusu ya kikombe kidogo cha kahawa kile cha kibarazani. Pita matuta 28 kwa mtindo huo na lita nzima imekwenda bila kukufikisha popote. Dereva mzoefu anayeijua barabara huondoa mguu mapema, gari likapungua lenyewe, akafika kwenye tuta bila kugusa breki sana. Huyo ndiye mwenye kumi na saba. Mgeni anayeshtukizwa na kila tuta ndiye mwenye kumi na mbili, na hapo hatujataja msongamano wa Mtwapa, ambapo injini hunguruma na mita ya kilomita imesimama.

Kuna imani ya zamani kwamba ukiteremka uweke gia huru ili kuokoa mafuta. Imani hii ilikuwa na msingi enzi za kabureta, wakati wa zile Peugeot 504 zilizoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978 na kubeba abiria wa masafa nchi nzima. Injini za leo zinaongozwa na kompyuta, na gari likiteremka ndani ya gia huku mguu umeondolewa, mafuta hukatwa kabisa. Ukiweka gia huru, injini inabidi inywe ili isizimike. Kwa hiyo mzee anayeshikilia imani hiyo hakosei kuhusu gari alilojifunzia. Maoni mengi ya madereva yako hivyo: yana ukweli wa gari fulani na wakati fulani, na kazi ya mtafiti ni kuutafuta wakati huo badala ya kumcheka msemaji. Nasisitiza tu kwamba kuteremka gia ikiwa huru ni hatari, na siku hizi hakuokoi kitu.

Sasa upepo, jambo ambalo watu wa pwani tuna haki ya kulifundisha. Barabara yetu inafuata ufuo, ikielekea kaskazini na kuegemea kidogo mashariki. Kaskazi, inayovuma kati ya Novemba na Machi, inatoka kaskazini mashariki, kwa hiyo inampiga usoni anayekwenda Malindi. Kusi, yenye nguvu zaidi, inatawala katikati ya mwaka, na inamkabili anayerudi Mombasa. Upinzani wa hewa unakua kwa mraba wa mwendo. Gari linalokwenda 80 dhidi ya upepo wa kilomita 20 kwa saa linapasua hewa kana kwamba linakwenda 100, na upinzani huo unapanda kwa zaidi ya nusu. Likienda na upepo huo huo mgongoni, upinzani unashuka hadi kidogo juu ya nusu ya kawaida. Ukijumlisha kwenda na kurudi, hesabu haiwi sawa: hasara inazidi faida kwa asilimia sita hivi ya upinzani wa hewa. Na gari la umbo la sanduku, kama Probox au matatu ya HiAce, linaumia kuliko gari la umbo la samaki.

Mabaharia wetu walilijua jambo hili kabla petroli haijatajwa. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi Aprili 1498, msaada mkubwa alioupata ulikuwa rubani aliyezijua pepo. Waliondoka tarehe 24 na kufika India kwa muda usiotimia mwezi. Nahodha hakuuliza jahazi lake lina kasi gani bila kutaja msimu. Dereva wa leo anauliza kilomita kwa lita kama vile hewa imesimama mwaka mzima. Hata hivyo, upepo haufiki kila mahali sawasawa: kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke miti huukinga, na kwenye sehemu iliyo wazi, kama daraja la Kilifi lililofunguliwa 1991 juu ya mkono wa bahari, huhisiwa mara moja kwenye usukani.

Kimo cha nchi nacho kinaleta mabishano mengine, hasa baina yetu na jamaa wa bara. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari. Kuliinua gari la kilo 1,200 kutoka Mombasa hadi kimo hicho kunagharimu karibu lita mbili na nusu za petroli juu ya zile za kusukuma gari mbele. Anayeteremka hupata sehemu ya gharama hiyo bure. Basi mtu akikwambia gari lake "lilinipa ishirini", muulize alikuwa akishuka Mombasa au akirudi Nairobi. Hewa ya Nairobi pia ni nyepesi, inapasuka kwa urahisi kuliko hii yetu nzito. Takwimu za mtu wa Nairobi zisihamishiwe Kilifi bila kupimwa upya.

Lipo kosa la hesabu ambalo hata wapenzi wakubwa wa magari hulifanya. Sisi husema kilomita kwa lita, na namba hiyo inapotosha ulinganisho. Mwaka 2008 Richard Larrick na Jack Soll wa Chuo Kikuu cha Duke walionyesha katika jarida la Science jinsi kipimo cha aina hii kinavyowapotosha wanunuzi. Chukua pikapu inayokwenda kilomita tano kwa lita, ikatengenezwa hadi sita. Na gari dogo la ishirini, likabadilishwa kwa lingine la ishirini na tano. Watu watalipigia makofi la pili. Lakini kwa kila kilomita mia, pikapu imeokoa lita tatu na theluthi, na gari dogo limeokoa lita moja tu. Mwenye pikapu kuukuu inayobeba mawe ya matumbawe au magunia ya chumvi ya Gongoni ana pesa nyingi zaidi za kuokoa kwa kubadilisha filta, kuweka plagi mpya na kupima upepo wa magurudumu kuliko jirani yake anayeota gari la haibridi. Kwa sababu hiyo kurasa zinazofuata zinahesabu lita kwa kilomita mia, na msomaji azivumilie mpaka azizoee.

Na msemaji ni nani? Swali hili nalipa uzito kuliko wenzangu wengi. Aliyenunua gari juzi hulitetea. Anayetaka kuliuza hulisifu. Aliyewahi kuharibikiwa njiani huichukia aina nzima. Subaru zimeshikwa na sifa ya kunywa mafuta, na ni kweli kwamba kuendesha magurudumu manne muda wote kunagharimu kidogo, lakini wengi wanaozinunua wanapenda kukanyaga mafuta, na mguu huo ungekunywa vilevile ndani ya gari lingine. Kwa upande wa pili, dereva wa tuktuk au matatu anayempelekea tajiri hesabu kila jioni hana nafasi ya kujidanganya. Mafuta yanatoka kwenye mapato ya siku, na kinachobaki baada ya hesabu ndicho chakula cha nyumbani. Mtu huyu anaijua lita yake kwa shilingi, kwa njia, kwa saa ya siku. Ninamwamini kuliko kioo cha dashibodi, ambacho mara nyingi huonyesha namba nzuri kidogo kuliko ile ya pampu.

Shilingi hizo zina kalenda yake. Tangu Desemba 2010 bei za juu za petroli, dizeli na mafuta ya taa zimekuwa zikiwekwa na serikali, na sasa mamlaka ya EPRA huzitangaza tarehe 14 ya kila mwezi, mji kwa mji, Mombasa ikiwa na unafuu kwa kuwa karibu na bandari. Septemba 2023 petroli ilipofika shilingi 211.64 Nairobi, miezi michache baada ya kodi ya VAT ya mafuta kupandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16, ubishi wa kilomita kwa lita uliacha kuwa burudani ya kibarazani. Kila dereva niliyezungumza naye alikuwa na hesabu mdomoni. Natamani hesabu hizo zingeandikwa, maana zilikuwa hazina kubwa ya utafiti, na nyingi zimesahaulika.

Kuziandika si kazi ngumu. Jaza tangi mpaka pampu ikate yenyewe, na usimruhusu mhudumu aongeze kidogo kidogo ili kupata namba kamili. Andika mita ya kilomita. Endesha kama kawaida yako mpaka tangi likaribie robo, kisha rudi kwenye pampu ile ile, saa zile zile za asubuhi, ujaze tena kwa namna ile ile, na ugawanye. Asubuhi nina sababu: petroli hutanuka kwa karibu asilimia moja kila joto lizidipo kwa digrii kumi. Tangi moja halitoshi kukupa jibu. Matano yanaanza kusema kitu. Pembeni ya kila namba andika njia, abiria, mzigo, kiyoyozi, na upepo wa msimu. Daftari lisilo na maelezo hayo litazaa ubishi ule ule wa Malindi.

Sura ya kwanza inaanzia Mtwapa, kwenye msongamano, kwa sababu huko injini inatumia mafuta bila kwenda na hesabu ni nyepesi kwa anayeanza. Sura ya pili inahamia barabara ya vumbi ya Ganze na Bamba. Mwenye gari asingoje kuzimaliza. Ajaze tangi kesho asubuhi na kufungua ukurasa mpya wa daftari.