Kompyuta Iliyozeeka: Okoa Kilichomo Kabla ya Kuitengeneza

Katika nyumba nyingi, pembeni mwa sebule au chumbani kwa watoto, ipo kompyuta iliyozeeka. Imefunikwa kitambaa cha kufuma, kama wazazi wetu walivyofunika redio zao, na juu yake pengine pana chombo cha maua. Huwaka ikipenda. Mara hunguruma kama mashine ya kusaga, mara huzimika katikati ya kazi, mara saa yake hukataa kukaa sawa. Baba akiulizwa hujibu, "Hiyo imeshakufa, tutanunua nyingine."

Mama mwenzangu, kabla hujakubali neno hilo, jiulize kilichomo ndani. Mara nyingi humo ndimo zilimo picha za harusi, za ubatizo wa mtoto wa kwanza, na za bibi ambaye sasa hayupo duniani. Humo yamo mahesabu ya kikoba ya miaka kadhaa, barua za maombi ya kazi, na mitihani iliyotungwa usiku na mwalimu wa nyumba hiyo. Kompyuta yenyewe ni bati, plastiki na nyaya. Dukani zipo nyingine. Picha ya bibi haipo dukani. Kwa hiyo utaratibu wetu uwe huu: kuokoa kwanza, kutengeneza baadaye. Wengi huanza na la pili, na hapo ndipo kilio hutokea.

Jihadhari na "kupiga Windows"

Mafundi wetu wa mitaani ni watu wa msaada mkubwa. Lakini baadhi yao wana dawa moja kwa maradhi yote, nayo ni "kupiga Windows" upya. Maana yake ni kuweka upya ile programu kuu inayoendesha kompyuta, na mara nyingi, ili iwekwe, diski husafishwa yote. Mashine itarudi ikiwa nyepesi na safi, na picha zimekwenda. Huwezi kumlaumu sana fundi ikiwa hakuna aliyemwambia. Basi unapompelekea, sema kwa kinywa chako: "Fundi, humu mna vitu vyangu. Usifute chochote kabla hujanionyesha nakala." Usione haya kulirudia.

Tena ieleweke kwamba kompyuta kukataa kuwaka si lazima diski iwe imekufa. Gari likiharibika injini, mizigo iliyo kwenye buti bado ni mizima. Diski hufunguliwa kwa bisibisi, ikaunganishwa na kompyuta nyingine nzima kwa waya maalumu wa USB unaouzwa katika maduka ya vifaa vya kompyuta. Diski ndogo, ile ya kompyuta ya kukunja, kwa kawaida hupata umeme kwa waya huo huo. Ile kubwa ya kompyuta ya mezani huhitaji pia adapta yake ya volti 12. Ikishaonekana, tafuta folda yenye jina la kila mtu aliyeitumia, kisha unakili yote. Usisahau yale mafaili yaliyoachwa kwenye uso wa skrini, maana watoto huweka kila kitu pale.

Kuna kizuizi kimoja. Kompyuta nyingi za miaka ya karibuni hufunga diski kwa siri, na ukiiunganisha mahali pengine itadai ufunguo wa tarakimu 48. Mara nyingi ufunguo huo huwa umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta. Kama akaunti ni ya baba peke yake, na nywila anaijua yeye peke yake, siku akiwa hayupo mama atabaki na kasha lisilofunguka. Hili ni jambo la kuzungumza mume na mke wakiwa wazima wote wawili, na kuliandika kwenye daftari linalotunzwa pamoja na hati za nyumba.

Diski inapogonga, na picha zinapofutwa

Diski za zamani zina visahani vinavyozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea hupita juu yake bila kuvigusa, kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele. Ukisikia mlio wa kugonga, ta-ta-ta, unaojirudia, jua kichwa hicho kina matatizo. Zima mara moja. Kila dakika unayoendelea kujaribu huenda inakwangua sahani zenyewe. Usiipige kofi, na usiifungue kifuniko "kuangalia tu", kwa maana chembe moja ya vumbi yatosha kuiharibu. Wapo wanaoshauri iwekwe kwenye friji. Majimaji yanayoganda ndani yake huongeza madhara. Kazi hiyo ni ya wataalamu wenye vyumba visivyo na vumbi, na ni ghali. Kama kilichomo si cha thamani hiyo, bora kukubali hasara mapema.

Picha zilizofutwa kwa bahati mbaya ni habari nyingine, tena yenye matumaini zaidi. Angalia kwanza kwenye pipa la taka la kompyuta. Kama hazimo, fahamu kwamba kompyuta inapofuta picha kwenye diski ya kuzunguka haiichomi moto. Huondoa tu jina lake kwenye orodha, kama mtunza maktaba anayekata jina la kitabu kwenye daftari huku kitabu chenyewe kikibaki rafuni. Kitakaa pale mpaka kitabu kingine kiwekwe mahali pake. Kwa hiyo acha kuitumia kompyuta papo hapo: watoto wasitazame filamu, wala usipakue programu ya kuokoa kwenye diski hiyo hiyo, maana unaweza kuifunika picha uliyokuwa ukiitafuta. Diski iunganishwe na kompyuta nyingine, na yanayookolewa yawekwe kwenye diski tofauti. Ipo programu ya bure iitwayo PhotoRec ambayo hufanya kazi hii vizuri, na pamoja nayo huja TestDisk, inayoweza kurudisha sehemu nzima ya diski iliyopotea. Zinafaa pia kwa kadi za kamera. Majina ya picha hayarudi. Utapata mamia ya mafaili yenye namba tupu, na kuyapanga ni kazi ya jioni kadhaa. Lakini picha zipo.

Diski mpya zisizo na kitu kinachozunguka, ziitwazo SSD, haziko hivyo. Nyingi hujisafisha zenyewe muda mfupi baada ya kufuta, na hapo hakuna fundi wa kukurudishia.

Vumbi, joto na umeme

Baada ya kuokoa, sasa tutengeneze. Adui wa kwanza ni kile kitambaa cha kufuma. Ni kizuri wakati kompyuta imezimwa, kwani huzuia vumbi. Lakini ikiwashwa nacho kikiwa juu yake, hewa ya moto haina pa kutokea, na kompyuta hujizima ili isiungue. Pia usiiegemeze ukutani.

Mara moja kila miezi michache, chomoa waya ukutani, fungua ubavu wa kompyuta ya mezani, na uondoe vumbi kwa brashi laini ya rangi ambayo haijatumika. Feni ishike kwa kidole isizunguke unapoipuliza. Usitumie kitambaa kilicholowa, na lile kasha la umeme lenye feni nyuma usilifungue kamwe, kwa sababu hutunza umeme wa hatari hata baada ya kuchomolewa. Ikiwa joto bado halipungui, huenda ile dawa ya kijivu iliyopakwa kati ya prosesa na chuma cha kupozea imekauka. Fundi ataipaka upya kwa muda mfupi.

Ikilia "pi-pi-pi" na skrini isionyeshe kitu, mara nyingi ni vipande vya RAM. Vichomolewe, meno yake ya rangi ya dhahabu yasuguliwe taratibu kwa kifutio cha penseli cha mwanafunzi, mabaki yapanguswe, kisha virudishwe mpaka vikate sauti. Wanaoishi Pwani, ambako hewa ina chumvi na unyevu, hukutana na hili mara kwa mara.

Saa ikirudi nyuma miaka mingi kila unapowasha, shida ni betri ndogo mfano wa sarafu, namba CR2032, ya volti 3. Bei yake ni ndogo. Watu wengi hawajui kwamba betri hiyo ikiisha hata intaneti husumbua: kila tovuti ya usalama ina cheti chenye tarehe, na kompyuta inayodhani tuko mwaka 2009 huona vyeti vyote si halali. Nimesikia ya kompyuta zilizotupwa kwa sababu hiyo tu.

Umeme ukikatika, chomoa. Huo unaorudi kwa kishindo ndio unaoua. Kama uwezo upo, stebilaiza si anasa.

Ikiwa ni nzito tu

Kompyuta isiyo na ugonjwa, ila ni nzito mno, hufufuka kwa jambo moja kuliko mengine yote: kuiondoa diski ya kuzunguka na kuweka SSD. Mashine ya mwaka 2012 iliyochukua dakika kadhaa kuwaka, huwaka kabla chai haijapoa kikombeni.

Limebaki suala la Windows. Windows 10, iliyotoka mwaka 2015, iliacha kupata marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Watumiaji wa majumbani walipewa nafasi ya kujiandikisha ili walindwe hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Windows 11 haizikubali rasmi kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hivi. Hiyo haimaanishi zitupwe. Linux Mint ni ya bure, huwekwa kwenye flashi, na waweza kuijaribu kutoka kwenye flashi hiyo kabla ya kugusa diski. Kwa kuandika, kusoma barua pepe na kazi za shule yatosha kabisa. Njia hiyo ya flashi, kwa kweli, ni msaada pia wa kuokoa mafaili pale Windows inapogoma kufunguka.

Nakala ziwe angalau mbili, kwenye vitu viwili tofauti, na moja isikae nyumbani kwako; mwizi na moto havichagui. Flashi ni ya kubebea, si ya kutunzia miaka kumi. Na zile DVD za harusi za miaka ya 2000 zilizo kabatini, zinakili mapema, kwa kuwa nyingine zimeanza kugoma kusoma. Diski ya nje ikishajaa, iandike tarehe kwa kalamu ya wino mzito, itie kwenye bahasha kavu, umpelekee dada yako. Naye akuletee ya kwake.