Shuka ya Wamaasai Jijini Paris (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza jinsi shuka ya pamba ilivyochukua nafasi ya ngozi katika mavazi ya Wamaasai. Leo tuifuate hadi Paris.

Mbunifu wa mitindo Kim Jones, Mwingereza, alilelewa katika nchi kadhaa, Kenya ikiwemo, kwa sababu ya kazi ya babake. Alihitimu chuo cha Central Saint Martins, London, mwaka 2002, na John Galliano, nguli wa fani hiyo, akanunua nguo zake za mahafali kwa wingi. Mwaka 2011 alikabidhiwa nguo za wanaume za Louis Vuitton, kampuni ya mitindo ya Paris. Katika mkusanyiko wake wa kwanza, wa kiangazi cha 2012, ile miraba ya shuka tunayopishana nayo kila siku kutoka Kitengela hadi Namanga ilionekana kwenye skafu za bei ghali.

Kipaji chake ni kuoanisha yasiyotarajiwa. Mwaka 2017 aliileta Supreme, chapa ya vijana wa mitaani New York, ndani ya Louis Vuitton, na wanunuzi wakapanga foleni. Mwaka 2018 akahamia Dior, alikokaa hadi 2025.

Kuipenda shuka si kosa, na jicho lake ni kali kweli. Linalonikera ni kwamba mbunifu anatajwa kwa jina, ilhali waliobuni wanaitwa tu "kabila". Mtazame mama wa Kajiado akitengeneza mkufu mpana wa shingoni: anatunga shanga kwenye waya, safu juu ya safu, na kila baada ya hatua anapachika kipande cha ngozi ili safu zisilegee. Rangi anazipanga kichwani, bila mchoro. Huo nao ni ubunifu wa mitindo, na una wenyewe.

Kuwalipa wenyewe hao kunawezekana. Koy Clothing ya Uingereza ilikubali kuwalipa Wamaasai ada ya matumizi ya mitindo yao. Nasi Kenya tuna Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni ya 2016, inayozipa kaunti jukumu la kuyasajili ya kwao kabla hayajaingizwa katika hifadhi ya taifa.

Kwa hiyo, serikali ya Kaunti ya Kajiado, waiteni kina mama wa vikundi vya ushanga, kuanzia Kitengela hadi Namanga, msajili mitindo yao wakiwa hai na wakiweza kuieleza wenyewe.