Taa za Rivasi na Mtoto wa Uani



Usiku wa Kinondo ni mzito. Ukiiacha barabara kuu ya Lunga Lunga ukashika njia ya mchanga kuelekea baharini, hapana taa ya mtaa, na minazi na msitu wa Kaya huimeza hata mbalamwezi. Katika giza hilo, baada ya Isha, tulikuwa tukilirudisha nyuma gari letu kongwe la gia za mkono, taa za rivasi zimekufa, tukasikia ahali yetu akipiga ukelele barazani. Mjukuu wetu wa miaka mitatu alikuwa ameinama nyuma ya gurudumu akiokota kandambili yake. Alhamdulillahi, klachi hatukuwa tumeiachia yote.

Kwa muda wa mwezi mzima tulijua kwamba taa zile haziwaki, na kila siku tulisema kesho. Kosa ni letu.

Asubuhi yake tulikwenda kwa fundi. Hakupima kitu, alisikiliza tu, akasema ni swichi. Tukanunua swichi mpya, akaifunga, tukalipa. Taa zikabaki vile vile.

Njia ya taa hizi si ngumu kuifahamu. Umeme hutoka kwenye betri, ukapita katika fyuzi, ukaingia katika swichi ndogo iliyokazwa kwenye gia boksi. Unapotia rivasi, swichi ile husukumwa kutoka ndani, umeme ukavuka hadi kwenye globu, ambazo aghalabu ni za wati 21, kisha ukarudi kwa waya wa bodi. Popote njia hiyo inapokatika, taa haiwaki.

Basi anza na kilicho chepesi. Vuta hendibreki, zuia magurudumu kwa mawe, zima injini, geuza ufunguo mpaka taa za dashibodi ziwake, tia rivasi, na mwenzako asimame kando, si nyuma. Ikiwaka moja tu, itazame globu ya ile nyingine na kikombe chake. Upepo wa bahari yetu huotesha kutu ya kijani humo, na msasa kidogo huiondoa. Zikizimika zote mbili, tazama fyuzi, na ukiibadilisha weka ya namba ile ile. Wako watiao kipande cha waya badala yake. Hao wanaualika moto garini mwao. Fyuzi ikiwa nzima, zima ufunguo, chomoa waya mbili za swichi, ziunganishe zenyewe kwa zenyewe, kisha washa ufunguo tena. Taa zikiwaka, swichi ndiyo mbovu. Zisipowaka, usinunue swichi. Ikiwa swichi haifikiki ila kwa kulala chini ya gari, mwachie fundi, na hata yeye asiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake.

Hilo la kuunganisha waya ndilo alilolifanya fundi wetu wa pili, kijana mwanagenzi. Taa hazikuwaka. Hapo ahali yetu, ambaye ndiye apelekaye watoto madrasa kwa gari hilo, akauliza mbona na taa ya namba ya nyuma nayo haiwaki. Sisi hatukuwa tumeiona. Kijana akacheka, akafungua buti, akauvuta mpira unaofunika waya penye bawaba. Waya mweusi wa bodi, uliokunjwa na kukunjuliwa kila buti lilipofunguliwa kwa miaka mingi, ulikuwa umekatika ndani ya ganda lake. Akachukua kipande cha waya, ncha moja akaigusisha kwenye chuma kitupu cha bodi na nyingine kwenye kikombe cha globu. Zote tatu zikawaka.

Kuunga waya ule kulitugharimu kidogo mno kuliko swichi. Ile swichi ya zamani, isiyokuwa na kosa lolote, ingali sandukuni mwetu.