Kamba Ana Pasipoti, Wewe Una Zege

Oya mwanangu, sogea. Leo tunapiga stori za msosi, na atakayenuna anunie kwao.

Tuwekane sawa mapema. Sisi wa Mtawanya, Kibiti, hatuna shida ya chakula. Tuna shida ya maringo. Mtu kwao kuna nazi, kuna muhogo, kuna samaki, embe zinaoza chini ya mti, halafu anazunguka kitaa analia "hakuna msosi". Msosi upo, mzee baba. Ila hauna tomato ya chupa, haupigiki picha, na aliyeupika ni maza yako. Kwa hiyo hauhesabiki.

Kuna mchizi hapa kitaa, jina kapuni. Kwao wamepika wali wa nazi na kamba. Jamaa kachungulia sufuria, kasonya, kadandia boda mpaka stendi Kibiti kugonga zege. Piga hesabu: zege lenyewe (chipsi mayai), boda kwenda, boda kurudi, soda juu. Karudi anachokonoa meno kwa kijiti katikati ya njia, ili wote tujue katoka kula. Huku kwao wadogo zake wameshamaliza kamba, wanagombania ukoko.

Huyo kalipa kodi ya ushamba. Na risiti hakupewa.

KAMBA KATEMBEA KULIKO WEWE

Sasa tumuongelee huyo kamba aliyesonywa.

Delta ya Rufiji ina mikoko kama hekta 53,000. Pwani nzima ya Afrika Mashariki hakuna msitu wa mikoko mkubwa kama huo uliokaa mahali pamoja. Kamba anazaliwa baharini, anaingia deltani akiwa hata haonekani, analelewa kwenye mizizi ya mikoko, akishanona anarudi baharini kuanza maisha. Malezi ya maana kuliko yako. Jamaa wa huko Salale na Nyamisati wanamdaka, anapigwa barafu, anaingia kwenye boksi, huyo Dar. Na enzi za zile meli za kukokota nyavu, kamba wa ukanda huu walikuwa wanauzwa mpaka Ulaya.

Rudia hapo. Kamba kafika Ulaya. Wewe umeishia Mbagala Rangi Tatu, na bado ulipotea.

Halafu usidhani ni kitoweo cha kuokota. Mwaka 1997 serikali ilikubali mradi wa kampuni moja uliotaka kugeuza maelfu ya hekta za delta kuwa mabwawa ya kufugia kamba. Kelele zikapigwa, wanakijiji wakaenda mahakamani, mradi ukafa kabla haujachimba bwawa. Watu walifungua kesi kwa ajili ya delta. Wewe unaziba pua kwa ajili ya zege.

Na sijamaliza. Kamba huyohuyo akitua Masaki anabadilishiwa jina, anawekwa sita kwenye sahani kubwa nyeupe, pembeni kipande cha ndimu na jani moja la kitu ambacho hakuna mtu anakila. Bei inasomwa kwa misimbazi. Nyumbani maza anamtupia kwenye tui na bamia, anakula mpaka jirani aliyekuja kuomba chumvi.

AIBU YAKO, MTAJI WA MWENZIO

Unaona mchezo ulivyo? Unachokionea aibu huku, mjini kinakusubiri kikiwa kimevaa.

Muhogo. Huku ukionekana unakula muhogo asubuhi, watu wanakuonea huruma. Wanadhani mshua kakosa hela ya mkate. Nenda Coco Beach Jumapili jioni. Magari yamepanga foleni, mademu wamependeza, wachizi wamevaa miwani na jua limeshazama, wote wanafuata muhogo wa kukaanga, pilipili na kachumbari. Muhogo! Huku umaskini, kule vaibu.

Dafu. Huku unalipandia mwenyewe kwa miguu, bure, hatari ni siafu tu. Dar unauziwa juu ya baiskeli, unakunywa umesimama, unarudisha kifuu, na unashukuru.

Korosho. Huku tunakaanga kwenye kikaango kibovu, moshi unaingia machoni. Ikitiwa kwenye pakiti yenye picha ya twiga, watalii wanainunua kama dhahabu. Twiga hajawahi kula korosho maishani mwake.

Kiporo. Wali wa jana, umepashwa, chai ya rangi pembeni. Toka uzaliwe unakula hicho kitu kabla ya kwenda shule. Leo watoto wa mjini wanaamka saa tano, wanakula mlo ambao sio asubuhi wala mchana, wanapiga picha. Sisi tulianza zamani, tatizo hatukuwa na simu.

Na hapa niseme jambo. Kiazi cha zege lako hakioti hapa. Kinatoka Njombe na Mbeya huko kwenye baridi, kinapanda lori, kinapigwa jua njia nzima, kinafika Kibiti kimechoka. Wewe unakilipia nauli. Muhogo umeuruka hapo nyuma ya choo ukiwahi boda.

SALADI NI KITONGA, ACHENI KUTUIBIA

Haya, saladi. Hii mada ina watu wanavimba sana.

Kwa muuza chipsi, kachumbari haina bei. Unajipakulia. Ukizidisha anakukata jicho, basi. Mjini ukikaa kwenye kiti chenye mto, hiyohiyo nyanya na hilohilo tango vinaletwa kwenye bakuli la mbao, na bili inakaa kwenye kijitabu ili usizimie ghafla.

Wanayoiogopa wengi ni ile inayoitwa Caesar. Mtu akiiagiza anajiona kala na mfalme wa Roma. Tulia. Stori inayosimuliwa ni kwamba ilizaliwa mwaka 1924 huko Tijuana, Mexico, kwenye mgahawa wa Mtaliano mmoja, Caesar Cardini. Wateja walijaa, stoo imekauka, akachanganya kilichobaki. Yaani ni ukapa wa jikoni uliopata bahati. Maza anafanya hivyo kila tarehe 25 na hajawahi kuitwa mpishi.

Sasa kachumbari ya kweli ina ufundi, na wengi mnazingua. Dada yangu hana ubao wa kukatia. Kitunguu kinakatwa kiganjani, kisu kinakuja kinasimama milimita moja kabla ya damu, vipande vinaanguka vyembamba mpaka unaona mwanga. Anatia chumvi, anakifikicha, anakikamua, anasuuza, anakamua tena. Ukali wote unaisha, mlio unabaki. Nyanya anachagua ngumu, mbegu anakung'uta. Embe bichi ikiwepo inaingia, imechanwa kama njiti. Pilipili mbuzi moja, imepasuliwa tu ili itoe harufu. Ndimu na chumvi vinakuja mwisho kabisa, watu wakiwa wameshanawa. Ukitia mapema nyanya zinatoa maji, unabaki na supu ya baridi.

Nairobi nao wana akili zao. Wanachana soseji katikati, wanaijaza kachumbari, wanaiita smokie pasua, unakula unatembea. Nawaheshimu. Wamejua kwamba bosi hapo ni kachumbari, soseji ni gari tu.

Saladi ya harusini naomba tusiiongelee. Aa, tuiongelee kidogo. Kabichi, karoti, mayonezi, imekaa juani toka mkesha wa kitchen party. MC anasema "bafee iko tayari", wewe unaona ile beseni inang'aa. Pita. Jifanye una simu. Bora uonekane una maringo kuliko uonekane unakimbilia chooni na suti.

WAZEE NA ASILI YAO

Sasa tuje kwa mababu zetu, Mungu awape uhai na ukimya.

Mzee wa Kindengereko akikukuta na zege anaanza mhadhara. "Nyie vijana mmeacha chakula cha asili. Sisi tulikula muhogo, mahindi, korosho, ndiyo maana tuna nguvu." Anayasema hayo amekaa, kashikilia kiuno, anaomba uinuke umchukulie fimbo.

Mpe historia taratibu. Babu, muhogo umetoka Amerika ya Kusini. Mahindi, Amerika. Pilipili, Amerika. Nyanya, huko huko. Mkorosho wako unaoupigania na mjomba mpaka baraza la kata umetoka Brazili, Wareno ndio waliovusha. Mchele na mnazi vilikuja kwa bahari kutoka Asia. Hiyo asili yako yote ilishuka bandarini, babu. Ilikuwa fasheni ya mjini wakati wake, na bila shaka kuna mzee aliyeipinga.

Na kichekesho ni hiki: hata kiazi cha zege kimetoka Amerika ya Kusini. Kiazi na muhogo ni watu wa bara moja. Mmoja akapanda Njombe akajiona mzungu, mwingine akabaki Kibiti na sisi. Kwa hiyo babu kakosea, na mchizi wa zege kakosea. Wote wawili wanashangilia timu moja bila kujua.

Sheria za mezani za wazee nazo ni vituko. Ukila ukoko, siku ya ndoa yako mvua itanyesha. Mwanangu, hapa mafuriko yanakuja na ndoa au bila ndoa. Firigisi ya kuku ni ya baba. Kwa nini? Kimya. Nani alitunga? Baba. Halafu kuna mchunga, lile jani chungu kama deni. Wanasema unasafisha damu. Kila kitu kichungu kwa wazee kinasafisha damu. Sijawahi kusikia kitu kitamu kinasafisha chochote.

LIGI KUU YA SAHANI

Msimamo wa ligi, umetolewa na mimi, rufaa hazipokelewi.

Kileleni: wali wa nazi na kamba wa tui. Lakini nazi ikunwe kwenye mbuzi, lile tui la kwanza zito liingie mwisho. Tui la pakiti ni la wavivu na walioko ughaibuni.

Nafasi ya pili: kisamvu cha nazi kilicholala. Siku ya kwanza bado kinajitafuta. Siku ya pili kimejijua.

Nafasi ya tatu: muhogo wa kukaanga na kachumbari ya embe. Hapa hata mtu mwenye stresi anatulia.

Katikati ya msimamo: mbaazi za nazi na chapati. Haina makelele, haikuangushi. Choroko ipo hapohapo, ila ukiila siku nne mfululizo unaanza kuichukia familia.

Anapambana asishuke daraja: zege. Sijasema ni baya. Saa nne usiku, njaa imekaba, lipo, linakubaliwa. Lakini usilipandie boda ukaacha kamba. Huo ni usaliti.

Wameshuka daraja: mlenda, maana sitaki chakula kinachonitangulia kooni kabla sijaamua. Mchunga, tumeshaongea. Bilinganya iliyochemshwa, haina msimamo. Papai ndani ya saladi, aliyefanya hivyo akamatwe.

Kadi nyekundu ya maisha: papa mkavu ndani ya basi. Papa wa nazi nampenda, lakini yule shangazi anayempakia kwenye kiroba, anamsukuma chini ya siti yako, halafu anashusha kioo upande wake tu, huyo ana kesi. Ukishuka Rangi Tatu, mpaka noti zako zinanuka ng'onda. Demu aliyekuja kukupokea anakusalimia kwa mkono mrefu.

DILI LENYEWE

Mabasi ya Lindi na Mtwara yanapita Kibiti kila siku, yamejaa watu wenye njaa na hela ya njiani. Tunawauzia nini? Zege. Kiazi cha Njombe, mayai ya kisasa, mafuta ya dumu, vyote tumenunua kwingine. Faida inabaki ya kununulia vocha.

Mimi na wanangu wawili tunafungua meza pale stendi. Muhogo wa kukaanga, kamba watano kwenye kijiti, kachumbari ya embe kwa mkono wa dada, dafu la baridi. Kamba tunawafuata Nyamisati wenyewe alfajiri. Kutakuwa na bei mbili. Ya kitaa, unalipa kistaarabu. Ya Masaki, kwa yeyote atakayeshuka na miwani usiku na kuuliza kama tuna Caesar.

Wazee wanakaribishwa, watapewa firigisi za kuku wa jirani. Mikopo hatutoi. Hata mshua akija na barua ya mtendaji.