Uteuzi wa Vichwa vya Msasa vya Mashine katika Ulainishaji wa Vinyago vya Mpingo

Makala haya yanafafanua uteuzi wa vichwa vya msasa vinavyozungushwa kwa mashine ya mkononi katika kulainisha vinyago vya mpingo vya Wamakonde. Awali kazi hiyo ilifanywa kwa tupa na kwa majani makavu ya mti uitwao msasa, ambao ndio ulioipa karatasi ya kusugulia jina lake. Mashine imeongeza kasi, na kasi hiyo imezua matatizo mapya.

Mpingo mkavu huzidi kilo 1,200 kwa mita moja ya ujazo, nao una mafuta. Msuguano ukizidi, mafuta hayo huchanganyika na vumbi na kuziba msasa. Msasa ulioziba haukati tena bali huunguza, na joto lake huweza kuupasua mti nyufa ndogondogo. Kwa sababu hiyo, kigezo cha kwanza si ukali wa chembe, kama inavyodhaniwa mara nyingi, bali ni kasi ya ukingo wa kichwa. Kichwa chenye kipenyo cha milimita 25 kikizunguka mara 10,000 kwa dakika, ukingo wake husafiri takribani mita 13 kwa sekunde; cha milimita 50, kwa mzunguko uleule, hufikia mita 26. Fundi anayeweka kichwa kikubwa bila kupunguza mzunguko huongeza joto pasipo kukusudia.

Kigezo cha pili ni umbo. Silinda ngumu hufaa mgongo na tumbo la kinyago, ila hula kingo. Gurudumu la vipande vya kitambaa cha msasa hujikunja kufuata mviringo, na hapo ndipo hatari yake ilipo: hufuta chale za usoni ambazo patasi ilizichonga kwa saa nyingi. Kwa matundu membamba ya mtindo wa shetani, kichwa kidogo chenye ncha hakina mbadala.

Namba za chembe zifuatane, 120, 180, kisha 240. Mkwaruzo ulioachwa nyuma hufichwa na vumbi, ukajitokeza nta ikishapakwa.

Vumbi lenyewe ni kigezo kinachopuuzwa mno. Tangu mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeliweka vumbi la mbao miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu. La mpingo, aidha, huwasha ngozi. Kadiri chembe za msasa zinavyokuwa laini ndivyo vumbi linavyokuwa jembamba na kupenya zaidi mapafuni. Ni busara, basi, baada ya namba 240 mashine izimwe, na namba 400 isuguliwe kwa mkono kwa msasa wa maji uliolowekwa.