Gari Kuukuu Linapokataa Kuwaka Asubuhi



Wenzetu wa Nchelenge na Kashikishi wametuomba tueleze kwa nini magari makuukuu yanakula fedha nyingi namna hii kila yanapokataa kuwaka asubuhi. Jambo hili si dogo. Gari lisipowaka, mfanyakazi huchelewa na mshahara wa siku hukatwa, mgonjwa hubaki nyumbani, na samaki wa mchuuzi huharibika. Tena mara nyingi mchango unaokusanywa hununua kitu ambacho hakikuwa kibovu.

Tutoe mfano. Tawi moja la kando ya ziwa lina lori dogo la kubebea unga, wagonjwa na samaki. Lilipoanza kusumbua, muuza spea alishauri betri mpya. Wanachama wakachanga. Mwezi haukuisha, ubovu ukarudi, wakaambiwa sasa ni stata. Wakachanga tena. Ubovu wenyewe ulikuwa waya mmoja mnene unaotoka kwenye betri kwenda kwenye chesi, umeliwa na kutu mpaka umebaki nyuzi chache.

Maji ya Mweru ni matamu, hayali chuma kama maji ya bahari. Lakini samaki wa chumvi wakipakiwa, maji yao hutiririka chini ya bodi, na katika malori mengi madogo betri imefungwa hapo hapo pembeni mwa chesi. Anayebeba samaki aoshe chini ya gari kwa maji ya ziwa jioni ile ile.

Basi kabla ya kutoa hata ngwee moja, sikilizeni gari. Washeni taa kubwa, mmoja asimame mbele pembeni, mwingine ageuze ufunguo.

Taa zikififia na injini ikizunguka kwa uvivu, au ikagonga mara moja tu, umeme hautoshi. Taa zikibaki kali na pasiwe na sauti yoyote, tafuteni kwenye swichi, kwenye stata au kwenye waya mdogo unaoiamsha stata. Injini ikizunguka kwa nguvu lakini isishike, betri na stata hazina kosa. Msimruhusu mtu yeyote awauzie.

Hali ya kwanza ndiyo inayoonekana zaidi. Fungueni vichwa vya betri, mkianza na ule wa kutoa. Ule unga mweupe au wa kijani usugueni kwa msasa na maji ya moto yenye magadi, bila kuyaacha yaingie ndani ya betri. Kazeni, pakeni grisi. Kisha chukueni waya wa kuazimia umeme, unganisheni kichwa cha kutoa na chuma kitupu cha injini. Stata ikizunguka vizuri sasa, mmepata ubovu: ni ule waya wa chesi, nao bei yake haikaribii hata kidogo ya betri.

Kama fundi ana mita, betri iliyojaa na kupumzika usiku kucha husoma volti 12.6. Ikisoma 12.2, imebaki nusu. Injini ikiwa inanguruma isome kati ya 13.8 na 14.4 hivi, ikibaki 12.5, altaneta haichaji au mkanda wake umelegea, na kununua betri mpya ni kujaza mtungi uliotoboka. Kwa malori ya volti 24, zidisheni hesabu hizi mara mbili.

Msichungulie betri alfajiri kwa koroboi wala sigara. Hewa inayotoka humo hulipuka, na tindikali yake hupofusha.

Injini inayozunguka vizuri bila kushika huwa imekosa mafuta au moto wa plagi. Mafuta ya kununua kwenye madumu yatilieni shaka kwanza. Yawekeni kidogo katika chupa nyeupe usiku mmoja: kama yana maji, mtayaona yametulia chini. Gari la dizeli lenye chujio la maji limwagwe maji hayo mara kwa mara. Na dizeli inayosumbua asubuhi tu, kisha ikawaka vyema mchana kutwa, mara nyingi ina mpira wa mafuta unaovuta hewa usiku, au plagi za kupasha zimekufa. Kule juu Kawambwa, kwenye chai, baridi ya Juni na Julai huanika ubovu ambao huku ziwani hausikiki. Pigeni pampu ya mkono mpaka iwe ngumu. Gari likiwaka upesi baada ya hapo, kagueni mipira na vibano vyake.

Tumebakiwa na kusukuma. Gari la gia za otomatiki haliwaki kwa kusukumwa, msijichoshe. La gia za mkono lisukumwe kwa gia ya pili, watu wote nyuma, asiwepo mtu mbele wala kwenye mteremko. Na kama ni lori la mwajiri linalowaleta kazini, dakika za kulisukuma si za mfanyakazi kuchelewa. Mjumbe wa tawi aandike katika daftari tarehe, saa na namba ya gari, siku hiyo hiyo, kabla mshahara haujapigiwa hesabu.